Maswali ya Wasomaji: Gia Ndefu Haileti Nguvu

Skuta yangu ya cc 125 inagota kilomita 80 kwa saa. Niweke gia gani ifike 110? (Bombo)

Hakuna gia hiyo. Swali hili naletewa kila mara, kinachobadilika ni namba tu. Kinachoikwamisha skuta yako ni upepo, na upepo hauhesabu meno. Nguvu ya kuupasua hupanda kwa kipeo cha tatu cha mwendo, kwa hiyo kutoka 80 hadi 110 unahitaji karibu mara mbili na nusu ya nguvu ulizo nazo. Injini yako ina farasi tisa, kumi hivi. Hizo nyingine utazitoa wapi? Tena huko kwenu ni zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na injini ya kabureta hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu zake. Skuta ya binamu yako wa Mombasa isikutie wivu.

Gia ndefu, yaani ile inayozungusha gurudumu zaidi kwa kila mzunguko wa injini, hufaa pale tu injini inapofika mwisho wa mizunguko huku bado ina pumzi. Jipime kwenye barabara tambarare: ukivuta mafuta yote na kilima kidogo tu kikaipunguza papo hapo, nguvu zimekwisha. Hapo gia ndefu itakupunguzia mwendo. Na niandikieni kabla ya kununua vipuri, si baada.

Rola nzito zitaniongezea mwendo? (Jinja)

Rola, vile vizito vya mviringo ndani ya puli ya mbele, huamua mkanda upande juu ya puli lini. Hadi wapi, huamua ukingo wa puli na gia za mwisho kule nyuma. Zikizidi uzito, injini itazubaa kila mlima. Fungua kifuniko kwanza. Rola zikiwa zimelika upande mmoja, badilisha zote kwa uzito uleule wa kiwandani. Mkanda pia upime upana: ukilika huzama ndani ya puli ya mbele, haufiki tena ukingoni, na mwendo wa juu unapotea. Skuta nyingi zinazoitwa "zimechoka" zinataka mkanda tu.

Nikiondoa kizuia sauti kwenye ekzosi? (Entebbe)

Utapata kelele.

Naendesha bodaboda. Sproketi (gurudumu la meno linaloshika cheni) ya mbele ina meno 14, ya nyuma 42. Nikiweka 15 mbele? (Arua)

Angalau wewe umehesabu. 42 kwa 14 ni 3.0, 42 kwa 15 ni 2.8. Kwa mizunguko ileile, 80 inakuwa kama 86, ikiwa injini itaweza kuisukuma. Lakini wewe hubebi upepo peke yake. Abiria wawili (najua ni kosa, nawe unajua) na gunia la mihogo, kisha uondokee mlimani: utateleza klachi mpaka itoe harufu. Jino moja la mbele ni sawa na kama matatu ya nyuma, kwa hiyo ukitaka kujaribu kidogo, punguza moja nyuma, 41. Cheni ikiwa imelika, badilisha pamoja na sproketi zote mbili. Cheni kuukuu hula meno mapya.

Breki zako za ngoma zilitengenezewa mwendo wa kiwandani. Kutoka 100, breki hukuburuza zaidi ya mara moja na nusu ya umbali wa kutoka 80. Wodi za hospitali ya Mulago zimejaa vijana wa bodaboda, na sijasikia hata mmoja akilalamika kwamba gia ilikuwa fupi.

Pikipiki yangu haina spidi. Nifanyeje? (hakutaja mji)

Wala pikipiki. Taja aina, cc, umri na meno. Mimi sipigi ramli.

Nimebadilisha sproketi na mshale wa spidi unasoma vilevile. Nimeibiwa? (Busia)

Kama waya wake unatoka gurudumu la mbele, haujui habari za sproketi. Husoma mwendo wa gurudumu tu. Basi injini yako haikuweza. Pima kwa GPS ya simu, maana mishale mingi hukupendelea.

Kabale ni milima mitupu na pikipiki yangu inakufa njiani. Nirefushe gia? (Kabale)

Fupisha! Punguza jino moja mbele. Itapanda, na ukiteremka gia fupi itakushikia mwendo, breki zisichemke. Kwenye tambarare utakuwa mzito kidogo, lakini tambarare yenyewe huko iko wapi?