Salari, sosi, saluti, saluni: zipi ni ndugu?

Safari hii maswali mengi yamekuja kuhusu maneno ya Kiingereza yanayoanza na "sal". Nimechagua matano.

Wanafunzi wangu wamesoma kwamba "salary" limetokana na chumvi, kwa sababu askari wa Roma walilipwa chumvi. Sisi majirani wa Ziwa Katwe tunaipenda sana hadithi hiyo. Ni kweli? (Mwalimu, Kasese)

Nusu yake ni kweli, mwalimu. Neno lenyewe limetoka katika Kilatini "salarium", na "sal" ni chumvi. Plinius, mwandishi wa Kirumi aliyefariki mwaka 79 Vesuvius ulipolipuka, alilihusisha neno hilo na chumvi. Lakini hakuna andiko la kale linaloonyesha askari akipimiwa chumvi siku ya malipo. Zama za Kaisari Augusto askari wa kawaida alipata dinari 225 kwa mwaka, fedha za sarafu, na humo alikatwa gharama za chakula na vifaa. Wapo wanaokisia kwamba "salarium" ilianza kama posho ya kununulia chumvi. Ni makisio tu, yasifundishwe kama historia.

Najua kwa nini hadithi hii inaaminika kirahisi huko kwenu. Chumvi ya Katwe ilikuwa mali hasa: watu walisafiri mbali kuifuata, wakaibadilisha kwa bidhaa nyingine, na watawala wakaigombania. Kapteni Lugard, afisa Mwingereza, alipofika mwaka 1891 alijenga ngome papo hapo Katwe, akaiondoa chumvi ile mikononi mwa Kabalega, mfalme wa Bunyoro. Mwalimu, nakusihi uanze na hiyo. Watoto wanaweza kwenda kuyaona mashamba ya chumvi kwa macho yao, kisha ndipo uwaeleze habari za Roma.

Basi na "omusaala" wa Kiganda umetoka kwenye "salary"? (Msomaji, Jinja)

La. Waganda wamelichukua kwetu, katika "mshahara". Kiganda hakina sauti ya "sh", nayo "h" haisimami katikati ya neno. "Sh" ikawa "s", "h" ikaanguka, irabu mbili zikakutana. Kiswahili nacho kililipata katika Kiarabu, ambako "shahr" ni mwezi: mshahara ni malipo ya mwezi kwa mwezi. Kwa hiyo asili yake imo katika kalenda, wala haihusiani na chumvi. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu bado nasikia watu wakidai Kiswahili ni mgeni asiye na mizizi Uganda, ilhali neno la ujira wao wenyewe limepita kwenye Kiswahili.

Nauza chakula Mbale. Kila mteja huuliza, "Leo kuna sosi gani?" Kaka yangu anasema sosi, soseji na saladi ni ukoo mmoja. (Mama wa hoteli, Mbale)

Kaka yako amesema kweli, dada. "Salad" ni mboga mbichi zilizotiwa chumvi. "Sauce" limetoka katika "salsa", maana ile ile, isipokuwa Wafaransa waligeuza "al" kuwa "au". "Sausage" nalo lilipita njia hiyo hiyo: nyama iliyokolezwa chumvi isiharibike. Ona basi, mawili kati ya hayo yamepoteza "l" na bado ni watoto wa chumvi. Sosi yetu ya Uganda imekwenda mbali zaidi. Kwa Mwingereza ni rojo la kumwagia juu ya chakula; kwetu ni maharage, binyebwa (mchuzi wa karanga), nyama, chochote kinachosindikiza posho, yaani ugali, au matoke.

Mume wangu ni afande. Anashikilia kwamba "saluti" na "salamu" ni neno moja. (Msomaji, Mbarara)

Si neno moja. "Salute" ni la Kilatini, kumtakia mtu afya, na "salvation", yaani wokovu, limo katika ukoo huo. "Salamu" ni la Kiarabu, mzizi wake ni s-l-m, wenye maana ya amani na uzima. Ndugu zake ni "salama" na "Uislamu". Kilatini na Kiarabu ni lugha za familia mbili mbalimbali, na sauti zimefanana kwa bahati tu. Lakini afande hakukosea katika jambo moja, na linanigusa kila nikilifikiria: Mrumi na Mwarabu, kila mmoja kivyake, walipokutana na mtu walianza kwa kumtakia uzima.

Saluni je? Na "sale" inayobandikwa madukani? (Mwanafunzi, Wandegeya)

Hayo mawili hayana chumvi hata chembe. "Salon" ni ukumbi, kutoka Kiitaliano "sala", na Waitaliano walilipata katika lugha za Wajerumani wa kale. "Saloon" ni neno lile lile kwa matamshi ya Waingereza. "Sale" waliliacha Uingereza watu wa Skandinavia, nalo ni ndugu wa "sell", kuuza.