La sita na la saba kumaliza pamoja?

SWALI: Mwanangu aliingia darasa la tatu 2024, kaka yake alikuwa la nne. Nasikia wote watamaliza msingi 2027. Ni kweli?

JIBU: Ndiyo, mzazi. Sera ya Elimu ya Tanzania ya 2014, toleo la 2023, imepunguza elimu ya msingi iwe miaka sita badala ya saba, na kufanya elimu ya lazima iwe miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari. Mtaala mpya ulianza 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu. Mdogo atamalizia la sita, mkubwa la saba, na Januari 2028 wataingia kidato cha kwanza pamoja.

Hapo ndipo penye kazi. Sekondari yenye mikondo mitatu, yaani vyumba vitatu vya kidato cha kwanza, itahitaji kama sita, na msongamano huo utapanda kidato hadi kidato hadi 2031. Vyumba hujengwa kwa harambee. Mwalimu wa fizikia hajengwi. Kwenye kikao cha wazazi ulizeni walimu wa sayansi na maabara kabla ya matofali.

Ubishi mkali zaidi ni wa mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi sekondari: wapinzani wake wanahofia utageuka njia ya watoto wa maskini. Pasipo karakana yenye vifaa, hofu hiyo ina mashiko.