Zaka ikimfuata mtu: funzo la Fort Lauderdale kwa matawi yenye "baba wa kiroho"

Msomaji ameuliza: matawi manane ya kanisa yana baba mmoja wa kiroho, yaani mwanzilishi anayeyasimamia; sasa mawili yanataka kutoka, majengo ni ya nani? Hilo lilipaswa kuandikwa siku ya kuungana.

Mwaka 1970, huko Fort Lauderdale, Florida, walimu wanne wa Kikarismatiki (Wakristo wanaosisitiza karama za Roho Mtakatifu), Derek Prince, Bob Mumford, Charles Simpson na Don Basham, waliwekeana agano la kuchungana, baada ya kiongozi wa huduma waliyokuwa wakifundisha kuanguka kimaadili. Ern Baxter akaongezeka 1974. Prince ndiye aliyewahi kuongoza chuo cha walimu karibu na Kisumu mwishoni mwa miaka ya 1950. Nia yao ilikuwa njema. Karama zilifurika, wa kukanyana hakuna.

Kosa lilikuwa kwenye mpangilio. Kila muumini alikuwa na mchungaji wake, naye huyo ana wake, hadi kwa wale watano. Ukitaka kuoa, kununua nyumba au kuhama mji, unamuuliza kwanza. Zaka nayo ilikwenda kwa mchungaji wako mwenyewe. Piga hesabu: watu kumi wakitoa fungu la kumi kamili, wamemlipa mmoja kipato sawa na chao. Sasa mmoja wao aje kuomba ushauri wa kuhama. Mchungaji atashauri vipi kwa haki, na huyo akiondoka sehemu moja ya kumi ya riziki yake inaondoka naye? Wengi wa wachungaji hao walikuwa vijana bado.

Mwaka 1975 Pat Robertson, mhubiri wa televisheni wa Marekani, aliupinga mpangilio huo akawafungia milango ya televisheni yake, na kikao cha upatanisho mjini Minneapolis hakikuzima moto. Kufikia 1984 Prince alikuwa ameshajitoa. Mwaka 1986 waliobaki wakaachana, jarida lao la New Wine likafungwa. Kufikia 1990 Mumford alikuwa ameomba radhi hadharani. Agano lilikuwa baina ya watu, si taasisi, na mlango wa kutokea haukuwekwa.

Kwa hiyo hati ya kiwanja isiwe kwa jina la baba. Kwa Tanzania, iwe ya Bodi ya Wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali unaosajili wadhamini. Mdhamini akifa au akihama, pelekeni mabadiliko huko RITA mapema, kwani hapa ndipo wengi hukwama. Zaka iingie benki, watia saini wawe watatu wasio wa ukoo mmoja, na lazima wawili wasaini ndipo fedha itoke. Katiba iseme tawi likiondoka linachukua nini, madeni yanabaki kwa nani, notisi ni miezi mingapi. Na wazee wenye mamlaka ya kumsimamisha mwanzilishi wasiwe wanalipwa naye. Nalisisitiza hili la mwisho, ndugu zangu, maana ndilo linaloonewa haya kuliko yote.

Ninyi wa matawi mawili, kabla ya kutangaza chochote madhabahuni, tafuteni hati mwone jina lililoandikwa. Mkikuta ni la mtu binafsi, nendeni kwa mwanasheria na risiti za ujenzi mkononi.