Jibu: Kumtembeza greihaundi mjini ili apate wa kumchukua

Dada, umeuliza kama kumzungusha mjini huyo greihaundi (mbwa mwembamba wa mashindano ya mbio) aliyestaafu unayemlea kwa muda hapo Uingereza kutamsaidia apate familia, na kama kile kikapu cha mdomoni cha kumzuia asiume hakitatisha watu. Mtoe! Bandani watu wanaona mbwa mrefu aliyejibana pembeni. Barabarani wanaona mwingine kabisa. Niliyekuwa natembea naye mimi alisimama nje ya duka la mikate, akamwegemea bibi mmoja mapajani kwa uzito wake wote, akatulia tuli. Bibi wa watu akasahau mkate.

Kikapu mvalishe. Kafundishwa kukimbiza kinachokimbia, na vijibwa vidogo mjini ni vingi. Ukiulizwa, eleza hivyo hivyo. Ila kinachonitia hofu zaidi ni mkanda wa shingoni: kichwa chake ni chembamba kama shingo, akishtuka mkanda wa kawaida unachomoka, na mnyama wa kilomita 60 kwa saa humkamati. Tafuta ule mpana unaojikaza akivuta. Anza asubuhi, watu hawajajaa; mbwa wengi wa aina yake waliotoka mbioni hawajawahi kuona hata ngazi. Maandishi ya "Natafuta nyumba" yashonee ubavuni mwa koti lake, herufi kubwa.