Mzee akianza kukosa pumzi, ulizia kipimo cha damu cha NT-proBNP

Kila alfajiri baba yangu alikwenda msikitini kwa miguu, mwendo wa dakika saba. Alipofikisha miaka 71 safari hiyo ikawa ya dakika ishirini. Alisimama kwa muuza kahawa, akasimama tena barazani kwa jirani, akauliza hali za watoto, za mbuzi, za wagonjwa wote wa mtaa. Nyumbani tukasema mzee siku hizi anapenda mazungumzo. Kumbe alikuwa anatafuta pumzi, akaona haya kusema.

Baadaye akaanza kulalia mito mitatu, kisha akahamia kwenye kochi. Zahanati moja wakatuambia ni mapafu, akapewa antibiotiki. Zilipokwisha akapewa nyingine. Miezi miwili ikapita hivyo. Siku moja nilimvua soksi nikaona alama ya mpira wake imezama mguuni. Nikabonyeza kidole juu ya kifundo, nikakitoa, shimo likabaki pale pale.

Daktari bingwa wa magonjwa ya ndani alimsikiliza kifua, akampima presha na ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, kisha akaandika kwenye fomu ya maabara: NT-proBNP. Alinieleza kwamba misuli ya moyo ikielemewa na kuvutika, hutoa homoni ya BNP inayozisukuma figo zitoe chumvi na maji. Homoni hiyo hukatwa kutoka kwenye protini kubwa zaidi, na NT-proBNP ndicho kipande cha pili kinachobaki kwenye damu. Moyo ukizidi kuelemewa, kiasi chake hupanda.

Majibu ya baba yalikuwa pg/ml 1,640, yaani pikogramu kwa kila mililita ya damu. Kwa mtu ambaye hali yake si ya dharura, chini ya 125 kwa kawaida humwambia daktari atafute sababu nyingine. Uingereza, mwongozo wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu, unataka mwenye dalili aliyevuka 2,000 aonwe na bingwa na kupimwa eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ndani ya wiki 2. Wa kati ya 400 na 2,000, ndani ya wiki 6. Eko ya baba ilionyesha kwamba chumba cha kushoto kinasukuma asilimia 35 tu ya damu iliyomo kila moyo unapopiga. Nilikaa kwenye ngazi nikalia, nikiikumbuka ile miezi miwili.

Nakuomba usiisome namba hii peke yake. Umri huipandisha, figo dhaifu huipandisha, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio pia. Unene huishusha, kwa hiyo mzee mnene anaweza kuwa na namba ndogo na moyo wake umechoka. Omba na kreatinini, kipimo cha figo, siku hiyo hiyo. Tazama pia kipimio kilichoandikwa: kuna maabara zinazotumia pmol/L (pikomoli kwa lita), na 1 ya huko ni karibu pg/ml 8.5. Ukilinganisha karatasi mbili bila kuangalia hapo, unaweza kufurahi wakati mgonjwa anazidiwa. Sisi tunarudi maabara ile ile, na majibu yote tunayabandika kwenye daftari moja.

Lakini kilichonigusa zaidi ni kwamba kipimo hiki huona mbali. Watafiti wa British Regional Heart Study walianza mwaka 1978 kuwaandikisha wanaume 7,735 katika miji 24 ya Uingereza. Wanaume hao walipofika umri wa miaka 60 hadi 79 wakatolewa damu, wakaendelea kufuatiliwa. NT-proBNP ilisaidia kubashiri nani moyo wake ungeshindwa kazi baadaye, hata kwa wale ambao hawakuwahi kuugua moyo. Ireland nako, utafiti wa STOP-HF uliotoka mwaka 2013 uliwachukua watu wenye hatari kama presha na sukari. Waliokutwa na BNP yenyewe, si NT-proBNP, ya pg/ml 50 au zaidi wakapimwa eko na kufuatiliwa na bingwa. Kundi lililopimwa hivyo lilipata matatizo machache zaidi ya moyo kuliko lililopewa huduma ya kawaida.

Niliposoma hayo nikamfuata baba mdogo. Ana miaka 66, ana presha ya siku nyingi, na dawa alikuwa anameza akijisikia vibaya tu. Anapanda ngazi bila shida. Namba yake ya NT-proBNP: pg/ml 310. Eko ikaonyesha moyo unasukuma vizuri, ila ukuta wa kushoto umenenepa kwa presha. Daktari akampangia dawa upya, za kila siku.

Kipimo hiki si cha bei ndogo na hakipatikani kila mahali. Kama fedha haitoshi, anza na mashine ya presha, kwa maana presha ndiyo inayoongoza kuichosha mioyo ya watu wetu. Jumapili nilikwenda kwa baba mdogo nikahesabu vidonge kwenye pakiti. Vimebaki vinane, sawasawa na tarehe.