Elfu kumi juu ya friji

Shikamoo shangazi. Nina miaka 28, niliolewa Desemba, tumepanga Tabata. Nimeajiriwa kwenye duka la dawa Kariakoo, mshahara wangu ni 480,000. Mume wangu ni fundi umeme, mtu mzuri, hanywi, anarudi nyumbani mapema. Kila asubuhi anaacha elfu kumi juu ya friji, pesa ya matumizi. Mwanzoni ilitosha. Tangu Februari haitoshi, nikaona aibu kusema, nikawa najazia mwenyewe: chakula, gesi, Luku, maji. Haipungui laki mbili kwa mwezi. Aprili akaja shemeji anayesoma chuo, sahani zikawa tatu, elfu kumi ikabaki ile ile. Mume wangu ananisifia kwa rafiki zake kwamba nina mkono wa baraka. Nimekopa laki tano kwenye kikoba nikamwambia ni mtaji wa vitenge, kisha nikachukua laki mbili kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali, ili nilipe rejesho la kikoba. Hajui lolote. Wiki iliyopita kaniambia amepata kiwanja Chanika, analipia laki na nusu kila mwezi, na kwa vile najua kubana matumizi, anafikiri tujaribu elfu nane. Nilicheka, nikaenda bafuni nikalia. Na huku mama mkwe kila Jumapili anapiga simu kuuliza "bado tu?" Nifanyeje?
Mke Mpya, Tabata

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na hapo penye elfu nane nimecheka, unisamehe. Nimecheka kwa sababu mume huyo namjua, niliwahi kuwa naye mimi.

Tulikuwa Tanga, mwaka 1991. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiacha pesa chini ya kandili, na mimi nilikuwa nakaanga vitumbua alfajiri, kijana wa jirani anakwenda kuniuzia stendi, ili jioni samaki aonekane sahanini. Bwana akiuliza vitumbua vya nini namwambia najishughulisha nisichoke kukaa. Aliamini. Mwanaume aliyeshiba haulizi maswali mengi. Tulikwenda hivyo karibu mwaka mzima, mpaka Ijumaa moja muuza mafuta ya kupima akaja kudai deni lake, na wageni wamekaa barazani. Bwana alilipa pale pale, akaaga wageni kwa adabu, akaingia ndani. Nilijua nitapata la kusikia kuhusu deni. Hakuligusa deni. Alisema: "Mtaa mzima unajua bei ya chakula changu isipokuwa mimi." Siku tatu hakula vizuri, na mimi nilichoona zaidi ni kwamba alikuwa na haki.

Kwa hiyo nikikuambia sema, sisemi kutoka kitabuni.

Tuanzie Desemba, maana ndipo mambo yalipopinda. Umeandika kwamba mwanzoni elfu kumi ilitosha. Mwanangu, haikutosha hata siku moja! Ulikuwa unakula zawadi. Nadhani nyumba ilikuwa na mchele aliokupa mama, dumu la mafuta la kina mama wadogo, mtungi wa gesi umejaa, sukari na unga vya kitchen party. Bibi harusi wa Dar anaingia kwake na stoo ya duka. Ndani ya miezi miwili ile ulikuwa ukinunua mboga, nyanya na mkate, na chenji inabaki. Mumeo akaiona chenji kwa macho yake, akajifunza kwamba nyumba yake inaendeshwa kwa elfu kumi. Ilipofika Februari gunia likaisha, wala hakuna aliyemwambia kwamba limeisha. Ukiona vyaelea vimeundwa, lakini wewe ulikuwa unaunda usiku, taa imezimwa.

Simsafishi. Mtu anayepita mbele ya duka la Mangi kila siku anaweza kuuliza kilo ya mchele ni shilingi ngapi, na ndugu yake alipokuja kukaa alitakiwa ajiulize sahani ya tatu inatoka wapi. Hilo ni lake na utamwambia. Lakini hakunyimi kwa choyo. Anapiga hesabu kwa namba uliyomwachia wewe.

Nalaumu pia kitchen party zetu, niziseme tu kwa kuwa nimealikwa nyingi. Tunakaa saa tano, sita, tumevaa sare, tunamfundisha mwali kukunja leso, kukaanga, kumpokea mume mlangoni, na mambo mengine ya ndani ambayo siku hizi mwali anayajua kuliko sisi. Likifika la pesa, mama mmoja anashika kipaza sauti: "Mume hatangaziwi shida, mwanamke ni stara." Tunapiga vigelegele. Kisha tunarudi makwetu ambako nusu yetu tuna madeni ya siri kwenye vikoba.

Sasa kiwanja, kwa maana hapo ndipo palipokutoa machozi na wewe mwenyewe hujajua kwa nini. Chukua kalamu. Yeye anaweka laki na nusu kila mwezi Chanika. Wewe unaweka laki mbili kila mwezi kwenye sufuria, ambazo kama usingeziweka angeziweka yeye. Angeweka za chakula zote, asingebaki na ya kiwanja. Kwa hiyo kiwanja kile kinalipiwa na mshahara wako wa duka la dawa, umepitia jikoni. Tangu Februari mpaka sasa ni miezi 6, yaani milioni moja na laki mbili. Na risiti zote zinaandikwa jina la nani?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imelisema jambo hili. Mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa ni yake, mpaka mwingine athibitishe vinginevyo. Ikiandikwa majina yote mawili, huchukuliwa kuwa mna sehemu sawa. Ni kweli Mahakama ya Rufani, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu mwaka 1983, ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini nakuuliza: mchango uliouficha mwenyewe kwa juhudi zote hizi, utamthibitishia nani? Shahidi wako pekee ni muuza duka. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 63, inamtaka mume amtunze mkewe kwa chakula, mavazi na makazi kwa kadiri ya uwezo wake. Sikuambii umpeleke popote, nyumba yako haijafika huko wala sioni inaelekea huko. Nakuambia tu ujue kwamba unapomwomba azungumze bei ya maharage, huombi hisani.

Basi utamwambiaje?

Anza na deni, tena lile baya. Najua ungependa kuanza na elfu kumi haitoshi, kwa sababu hapo kosa ni lake. Ukianza hapo, atakuongezea elfu mbili, mtafurahi, na deni litabaki limelala chini ya godoro. Kausha damu hawana subira. Ukichelewa wiki mbili watakuja kwako, na kuna wanaobeba televisheni na friji mchana kweupe majirani wakiangalia. Usimwache mumeo akajue barazani kama wangu.

Chagua siku ambayo amelipwa kazi, ameshaoga na kula, na shemeji hayupo. Usianze anapovua viatu. Usianze kitandani pia. Kitandani mtu mmoja hujifanya amelala. Mkae mezani, daftari liko mbele yako, na humo umeandika matumizi ya siku 14 zilizopita, mpaka kiberiti. Kama huna, anza leo kuandika, lakini la kausha damu lisisubiri daftari. Mwambie kwa maneno yako. Mimi ningesema hivi: "Baba, nina deni la laki saba na nilikudanganya kuhusu vitenge. Sikuzila kwa anasa, tulizila wote watatu. Niliona aibu kukwambia pesa haitoshi, na kadiri ulivyonisifia ndivyo aibu ilivyozidi." Kisha nyamaza. Hapo patakuwa pagumu, kwa sababu utatamani kujaza ukimya kwa kulia au kwa kumlaumu. Mwache alimeze.

Atakasirika kidogo. Ana haki ya siku tatu, kama mzee wangu. Atakachouliza kwanza si bei ya mchele, atauliza nani mwingine anajua. Omba Mungu jibu liwe "hakuna". Kwa hiyo tafadhali, kabla ya siku hiyo usimpigie dada yako, wala mama, wala yule rafiki wa kazini anayekupa pole. Mimi unaweza kunihesabu nje, sijui hata jina lako.

Kuhusu kulipa: kausha damu kwanza, yote, hata kama mwezi mmoja kiwanja kitasimama. Hilo liombe waziwazi. Mwenye kiwanja anaweza kuzungumza naye akaongeza mwezi, ila riba ya wale wengine hailali usingizi. Kikoba ni watu wako. Nenda kwa mwenyekiti na mweka hazina kabla ya siku ya kikao, uwaombe wakuongezee muda wa marejesho, na uulize kama hisa zako zinaweza kufidia sehemu ya deni au kama utakatwa kwenye gawio mwisho wa mzunguko. Kila kikoba kina katiba yake, isome ya kwenu. Na usikope pengine ili ulipe hapo. Umeshaonja utamu wake.

Deni likishasemwa, ndipo mzungumze matumizi, na hapa nina neno ambalo hukuniuliza. Hata akikuongezea ikawa elfu kumi na tano, pesa ya juu ya friji ya kila siku itawatesa. Mumeo ni fundi. Fundi halipwi kila siku. Wiki hii ana kazi ya nyumba nzima, wiki ijayo anabadilisha soketi mbili. Anatoa elfu kumi kila siku ili aonekane hakosi, na wewe kwa elfu kumi hiyo unanunua kila kitu kwa bei ya juu: mafuta ya kupima, mchele nusu, sukari robo, kwa Mangi. Mnalipia umaskini ambao hamna. Akilipwa kazi kubwa, mnunue vikavu vya mwezi kwa mkupuo: mchele, unga, maharage, mafuta dumu, sabuni, mtungi mkubwa badala ya ule mdogo. Hapo pesa ya kila siku inabaki ya mboga, matunda na kitoweo, na pengine kweli elfu kumi ikatosha. Utakuwa umemrudishia sifa zake.

Na wewe uchangie kitu kimoja kinachoonekana na chenye jina. Chukua Luku na maji, kwa mfano, iwe inajulikana kwamba taa hii ni ya mama. Nyingine weka akiba yako, na kiwanja kiandikwe majina mawili. Akisita kuhusu majina, mwonyeshe daftari, usimwonyeshe sheria.

Shemeji aachwe kwa kaka yake. Wewe mpikie vizuri, usimnunie, hajafanya kosa. Lakini kaka amwambie ndugu yake kwamba hapa mtu mzima hata kama ni mwanafunzi anaosha vyombo na kubeba mtungi. Ukimwambia wewe, taarifa itafika kwa mama mkwe kabla ya jioni ikiwa imenenepa. Na mama mkwe akiuliza "bado tu?", mwambie "tuombee mama", umuulize habari za mguu wake. Kila mama mkwe ana mguu.

Umesema hanywi na anarudi mapema. Naliamini hilo. Ila kama siku ukisema ukweli atakunyanyulia mkono, hapo habari ni nyingine kabisa: toka uende kwa watu wako, uniandikie tena, na jibu langu halitakuwa la vitumbua.

Mambo yakitulia, Jumamosi moja mchukue mwende sokoni Buguruni pamoja. Usimpeleke kabla ya kumwambia ukweli, ataona umemtega. Mpe yeye pesa ashike, wewe chagua tu na ukae kimya, yeye ndiye aulize bei ya fungu la nyanya na ya nazi. Nendeni mapema, kabla ya saa mbili, jua halijawaka. Na kikapu abebe yeye.