Nimetoka Tanga nikaolewa Mbeya, nazi nikaiacha njiani

Mimi ni mtu wa Tanga, kwetu nazi wala hatuihesabu kama kiungo, ni kama maji tu ya kupikia. Sasa nimeolewa huku Mbeya, wiki ya kwanza nikaenda sokoni Mwanjelwa kuulizia nazi, naonyeshwa kadogo kama ngumi ya mtoto, kutajiwa bei nikajua huyu dada ananitania mana ameshasikia lafudhi. Hakuwa ananitania. Nazi imetoka pwani huko na gari, na nauli yake unailipa wewe.

Nikajiambia hamna shida, maziwa ya ng'ombe huku yamejaa, ya Tukuyu yanakuja freshi kila asubuhi, meupe kama tui, sasa tofauti iko wapi? Nikapika samaki, nyanya za kutosha, ndimu kama tulivyozoea, alafu nikamwaga maziwa lita nzima moto ukiwa unawaka kwelikweli. Yakakatika yote. Vipande vyeupe vinaelea juu ya maji ya njano, na siku hiyo ndo mama mkwe alikuwa amekuja kutusalimia, akafunua sufuria akanyamaza kidogo, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hapa umepika samaki au mtindi?"

Nimecheka baadae sana, siku ile sikucheka.

Kumbe maziwa yakikutana na vitu vichachu kwenye moto mkali lazima yagande, ni kitu kilekile unachofanya ukitaka mtindi wa haraka kwa kukamulia ndimu. Siku hizi nyanya nazipika mpaka zinakauka na mafuta yanajitenga, ndimu naiacha kila mtu ajikamulie mezani, maziwa yanaingia mwisho moto ukiwa mdogo na sifuniki. Na bado kuna kitu kinapungua, mana tui zito linaweza kuwa na mafuta asilimia 20 na zaidi, maziwa ya ng'ombe ni kama 3 au 4 tu, ndo mana mchuzi unakuwa mwepesi unashuka kooni kama chai. Kijiko kimoja cha samli kinasaidia sana hapo.

Ila aliyenitoa kabisa kwenye kuililia nazi ni huyohuyo mama mkwe. Kwenye mboga za majani yeye anatumia karanga, basi. Alinikalisha jikoni akanionyesha: karanga unazikaanga kidogo tu zisiungue, unapepeta maganda, unatwanga mpaka zianze kutoa mafuta, alafu unakoroga na maji ya uvuguvugu pembeni kwanza, usimwage unga mkavu kwenye sufuria ya moto utapata mabonge. Ukishamimina kwenye majani ya maboga au kisamvu kilichoiva hutoki hapo jikoni kwenda kuchati, unakoroga, mana karanga zinakimbilia chini kushika sufuria na zikiungua uchungu wake hautoki. Kikombe cha chai cha karanga zilizotwangwa kwangu kinatosha mafungu matatu ya mboga. Nilivyoonja nikamwambia ndaga fijo mama, yani asante sana, kinyakyusa changu kinaishia hapohapo.

Hapo ndo nikaanza kujiuliza swali moja kila nikikosa kitu, hiki kitu humu ndani kilikuwa kinafanya kazi gani? Nazi kwenye kisamvu kazi yake kubwa ni mafuta na uzito, karanga inaweza hiyo kazi tena kuzidi. Rangi haihusiki, na mimi kosa langu lilikuwa kwenye rangi, nimeona nyeupe nikamwaga.

Swali hilo ningelijua mapema nisingeaibika na maandazi. Bekingi pauda ilikuwa imeisha, kabatini kuna bekingi soda, nikaona unga mweupe na wenyewe, nikaweka kijiko kilekile cha chakula nilichozoea. Yalitoka ya brauni kabla hata ya kuiva na ladha ya sabuni ya mche. Bekingi soda ina nguvu kama mara tatu au nne ya pauda, alafu peke yake haifanyi kazi vizuri mpaka ikutane na kitu kichachu, kwenye pauda hicho kichachu wameshakiweka humohumo. Kwa hiyo ukiwa na soda tu, tafuta mtindi. Vikombe viwili vya unga, kikombe kimoja cha mtindi, nusu kijiko cha chai cha soda, mtindi ukiwa mwepesi ongeza unga, ukiwa mzito ongeza maji, kidogo kidogo mpaka mkono ukubali. Na usiliache hilo donge eti liumuke kama la hamira, soda inaanza kazi palepale ikilowa, kata kaanga. Kama hata mtindi huna, maziwa kikombe kimoja na kijiko kimoja cha chakula cha ndimu au siki, subiri dakika kumi. Alafu jamani magadi yale ya kulainishia maharage siyo bekingi soda, nimemuona mtu anataka kuyatia kwenye keki nikamshika mkono.

Mayai ndo watu wananiuliza sana. Kuna bethdei ya mwanangu mayai yalivunjikia kwenye bajaji, yakabaki mawili na keki inataka manne, nikaponda ndizi mbivu zile zenye madoa meusi, robo kikombe badala ya kila yai, nikaongeza nusu kijiko cha chai cha pauda mana ndizi inafanya keki iwe nzito. Ilitoka nzuri, tena laini, ila itanukia ndizi upende usipende. Mawili tu lakini. Yote manne ukiweka ndizi hiyo siyo keki tena, itakuwa kama uji uliogandishwa, mana yai ndo linalofanya keki ijishike.

Parachichi badala ya siagi? Nimejaribu, msimu wake huku yanaozea chini ya miti kwa hiyo nilikuwa na hamu kweli ya kuokoa hela. Keki ikatoka ya kijani. Watoto wakaikimbia. Parachichi mafuta yake ni kama asilimia 15, mengi humo ni maji, siagi inafika 80, sasa ukibadilisha yote keki inakaa kama imelowa. Nusu siagi nusu parachichi lililopondwa vizuri inakubali, na weka kakao ifiche rangi. Kakao yenyewe inalimwa hapo Kyela na sisi tunanunua ya kopo, mimi hili jambo huwa linanikera ila tuliache.

Kitu kingine, hizi resipi tunazotumiana kwenye magrupu nyingi zimeandikwa na watu wa Dar. Hapa mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, keki inapanda haraka kabla haijashika alafu inabonyea katikati kama sahani. Wakiandika pauda vijiko viwili mimi naweka kimoja na nusu. Na hamira mwezi wa saba usiilaumu kwamba imekufa, ni baridi tu, weka bakuli juu ya sufuria ya maji ya uvuguvugu, funika na kanga, na uwe na subira. Maharage nayo maji yanachemkia kama nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo lile saa moja la kwao wewe hesabu na nyongeza.

Sasa wali wa nazi. Nimejaribu maziwa na samli kwenye mchele wa Kyela, ni chakula kizuri sana, unanukia mpaka kwa jirani, ila huo ni wali wa maziwa na mimi nauita hivyohivyo. Pale nazi ndo chakula chenyewe, sina cha kuweka badala yake na nimeacha kutafuta. Dada yangu akipata mtu anayekuja huku ananifungia nazi kumi kwenye kiroba, za mwisho zilifika nane mana mbili konda aliomba, nikazikuna zote siku hiyohiyo tui nikaligandisha kwenye friza kwenye vimfuko, na mume wangu anajua vile vimfuko haviguswi mpaka Idi.